Mlango wa Nne

Nilipokuwa mtoto tuliishi katika nyumba ya mawe iliyokuwa na milango mitatu, na wa nne ukatobolewa ukutani siku aliyokufa mama yangu. Huo wa nne ulidumu siku tatu tu, kisha ukazibwa. Mimi nimeubeba kwa zaidi ya miaka thelathini, na hadi mwezi uliopita sikuwa nimemwambia mtu.

Watu waliiita Nyumba ya Kasisi, ingawa tangu nizaliwe hakuna kasisi aliyelala humo. Ilikuwa ng'ambo ya Gatongora, katikati ya kahawa, siku zile Ruiru ilipokuwa mji wa kupitia tu ukielekea Thika. Mzungu aliyeijenga lazima alitumaini kupata familia kubwa, maana aliweka vyumba vinne vya kulala, akaishi humo peke yake mpaka akarudi kwao. Kuta zake zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu: safu ya mawe nje, safu ya mawe ndani, na katikati kokoto zilizoshikwa na chokaa. Veranda ilitazama mlima wa Kilimambogo. Sebule ilikuwa na mahali pa kuotea moto palipofagiliwa kila wiki na kutowashwa kamwe, kwa sababu palikuwa pa wageni, na mgeni mwenyewe alikuwa askofu, na askofu alikuja mara moja. Jiko lilijengwa mbali kidogo, nyuma, kwa kuwa yule mzungu hakupenda harufu ya moshi. Shosho alikuwa akisema ndiyo maana alikula chakula kilichopoa maisha yake yote.

Shosho ndiye aliyemzaa mama yangu. Alikuwa amewapikia makasisi watatu katika jiko lile. Kanisa lilipojenga nyumba mpya karibu na barabara kubwa, yenye maji ya bomba, kasisi alihamia huko na Shosho akaachiwa funguo. Agizo lilikuwa moja: nyumba ikae kama ilivyoachwa. Maadamu ilikaa hivyo, na sisi tungekaa. Hatukuwa na shamba wala kwingine kwa kwenda. Mama alikuwa amerudi kwa mama yake akiwa amenishika mkono na Kimani yuko tumboni, baada ya baba yetu kwenda Mombasa kutafuta kazi. Bila shaka anaitafuta hadi leo.

Kila mlango wa nyumba ile ulikuwa na kazi yake, na Shosho alitufundisha hizo kazi kabla hajatufundisha kuomba. Mlango wa mbele ulikuwa wa maharusi, maana hapo ndipo kasisi alipowapokea waliotaka kufunga ndoa. Mlango wa pembeni uliingia moja kwa moja katika chumba cha kusomea cha kasisi, ili watu wasipite sebuleni na matope yao. Hapo ndipo majina ya watoto yalipoandikwa kwa ubatizo. Mlango wa nyuma ulikuwa wa chakula. Mimi nilikatazwa kusimama kwenye kizingiti cha mlango wowote kati ya hiyo. Ukisimama hapo, alisema Shosho, unaizuia heri isijue iingie au itoke.

Mama alichuma kahawa mpaka mwaka niliofika darasa la tatu. Kisha akaanza kukohoa. Hatukuuita ugonjwa jina lolote. Tulisema tu "kifua", na ulipozidi tulisema "kile kifua". Alikonda. Sweta yake ya kijani, iliyokuwa ikimbana, ikaanza kumzunguka. Alilala kitanda kimoja na mimi na Kimani, aliyekuwa na miaka miwili, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai. Leo mimi ni nesi katika zahanati ya Ruiru, na nikifika kwenye sentensi hiyo natamani niingie ndani yake nifungue madirisha.

Alipofika mahali pa kutoweza kunyanyuka, Shosho alitaka tumtoe nje. Zamani, kwa watu wetu, mgonjwa aliyekatiwa tamaa hakuachwa afie ndani ya nyumba. Alitolewa nje mapema. Akiwahi kufia ndani, hakupitishwa mlango wa walio hai: ukuta ulitobolewa nyuma, akatolewa hapo, na nyumba yenyewe ikaachwa au ikachomwa, ili kifo kisije kikaizoea. Usinielewe vibaya. Shosho alikuwa wa chama cha akina mama, mwenye kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, na Jumapili hakuna aliyempita kwa kumpenda Yesu. Lakini siku zile hazikuwa za Jumapili.

Alitandika mkeka verandani, juu yake godoro, akaja akasimama kando ya kitanda.

"Twende nje kidogo, mwanangu," alimwambia Mama. "Uone mlima."

Mama alikuwa amekua katika mila hizo hizo. Alijua anaitiwa nini.

"Nje kuna baridi, Maitu," akasema, akimwita mama yake kwa lugha yetu.

Hayo tu. Shosho alimfunika vizuri. Kisha akaenda sebuleni, akalikunja zulia la askofu, akaleta kuni, akawasha moto mahali palipokuwa hapajawahi kuwashwa moto miaka yote ile. Tulimsaidia Mama tukamlaza mbele ya moto huo. Chumba kilijaa moshi kwa sababu dohani ilikuwa na viota vya ndege, na Mama akacheka, akakohoa, akacheka tena. Alikaa pale siku mbili. Jumanne asubuhi, nikiwa navaa soksi za shule, Shosho aliniambia nizivue.

Alinituma kwa Fundi Njoroge, mwashi aliyejenga choo cha kanisa na nusu ya nyumba za kijiji chetu. Fundi alikuja mbio na kofia mkononi, akidhani anaitwa kutengeneza jeneza, akaanza kueleza kwamba yeye si seremala.

"Nataka unitobolee ukuta," Shosho akamwambia. "Hapa, nyuma ya sebule. Upana wa watu wawili waliobeba mtu."

"Mama, hii ni nyumba ya kanisa."

"Najua ni ya nani. Mimi ndiye ninayeifagia."

"Si kuna mlango pale?"

"Apite wa maharusi? Apite wa watoto? Au apite wa chakula?" Shosho alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Nyumba hii siwezi kuichoma, Njoroge, ni ya mawe, tena si yangu. Na siwezi kuiacha, nina hawa wawili. Sasa wewe niambie nifanye nini."

Fundi alivaa kofia yake. Alikwenda kuleta patasi na nyundo. Nakumbuka sauti ile asubuhi nzima, na vumbi la chokaa likitua juu ya shuka iliyomfunika Mama, na Shosho akilipangusa, likitua tena, akilipangusa tena.

Kasisi alifika wakati mwili unatolewa. Alikuwa kijana, mgeni katika parokia, na alikuja kwa baiskeli kwa njia ya kahawa, kwa hiyo kitu cha kwanza alichoona ni wanaume wanne wakimtoa mama yangu kwenye tundu la ukuta wa nyumba ambayo yeye ndiye aliyekabidhiwa. Nilimwona Shosho akimtazama. Nilijua, hata kwa miaka yangu minane, kwamba tunaweza kufukuzwa siku hiyo hiyo. Kasisi alivua kofia. Akaiegemeza baiskeli kwenye mti wa kahawa.

"Leo tunazika," akasema. "Ya ukuta yatangoja."

"Nitauziba kabla ya Jumapili," Shosho akamjibu.

"Basi," akasema kasisi, na hakulitaja tena jambo hilo. Nimewajua makasisi wengi baada yake, wenye mahubiri marefu zaidi.

Tundu lilikaa wazi siku tatu kwa sababu Fundi alikuwa akingoja simiti kutoka Thika. Upepo uliingia, majivu ya moto ule yakapeperuka. Shosho hakulala. Alisema lazima pazibwe kabisa, pasibaki hata pa kupita siafu, maana kifo kikiachiwa njia hukumbuka. Ijumaa Fundi alifika na simiti. Shosho alikuwa jikoni akipikia waombolezaji, na mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimwangalia akipanga mawe yale yale, safu ya ndani kwanza, halafu ya nje. Yalipofika kimo changu nilielewa jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Fundi, Mama akirudi atapita wapi?"

Hakugeuka. Aliendelea kuchanganya.

"Amezoea kupita hapa sasa," nikasema. "Ukiziba kabisa hatajua."

"Shosho yako amesema nizibe kabisa."

"Acha katundu kadogo tu. Tafadhali, Fundi."

Fundi Njoroge alifuta uso kwa mkono wenye simiti, ukabaki na alama. Alitazama upande wa jiko. Kisha akachukua ncha ya mwiko, akachokora simiti mbichi kati ya mawe mawili, chini kwenye kimo cha goti lake, akazungusha mpaka likabaki tundu la kupitisha kidole gumba.

"Haya. Anapita hapo?"

"Anapita."

"Sasa ukimwambia Shosho, mimi nitakosa chai ya nyumba hii mpaka kiama."

Sikumwambia. Ndani alipiga plasta, na juu ya plasta wakaegemeza kabati kubwa la majoho ya kasisi ambalo wanaume watatu hawakuweza kulisogeza. Kwa hiyo upande wa ndani sikuuona tena. Upande wa nje ulikuwa wangu. Nilikata kifungo kimoja cha sweta ya kijani, nikakisukuma tunduni, ili ajue ni hapo. Kila jioni nikitoka shule nilipiga magoti nyuma ya nyumba, nikaweka mdomo pale, nikasema, "Mama, ni hapa." Nikaweka sikio. Mara nyingine nilisikia kitu. Ukiweka sikio kwenye jiwe lazima utasikia kitu.

Wiki ya tano Kimani alianza kukohoa.

Nilijua papo hapo. Mtoto hapimi ushahidi, anajua. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikajaza tope tunduni, nikalisukuma kwa kijiti, lakini ndani yangu nilikuwa nimeshakubali kwamba nimechelewa na kwamba kifo kimeshaingia, kimepita palepale nilipomwachia Mama. Wiki ile ile mwalimu alitupa methali ya kuandika mara kumi kwa mwandiko mzuri: usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliandika mara mbili nikaanza kulia. Mwalimu alidhani tumbo linaniuma, akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nyumbani ndiko nilikokuwa naogopa.

Kimani alipelekwa hospitali Thika, akafia huko, kwa hiyo hakuna ukuta uliotobolewa. Shosho aliporudi hakuvua hata viatu. Alizunguka nyumba akaenda pale nyuma, akaanza kuyapapasa mawe kwa viganja viwili, kutoka juu kwenda chini, kama anavyopapasa mtu gizani. Nilisimama nyuma yake. Alipita juu ya tope langu lililokauka asiligundue.

"Tuliziba vizuri," akasema. "Mbona tuliziba vizuri?"

Akageuka akaniona. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, na sikusema.

"Ni zile siku tatu," akasema Shosho. "Nilichelewa. Ni mimi."

Aliishi miaka mingine kumi na tisa akiamini hivyo. Alifia kwangu Ruiru, nikiwa nimeshakuwa nesi, kitandani, ndani, na mlango nikautumia kumtoa. Miezi ile ya mwisho alilirudia neno hilo kila mara: siku tatu, siku tatu. Nilimweleza habari za kifua kikuu, jinsi kinavyosafiri kwa pumzi katika chumba kilichofungwa, jinsi mtoto mdogo anayelala na mgonjwa hawezi kukikwepa. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto akikariri shairi.

"Hayo ni ya hospitali," akasema. "Ya nyumbani nayajua mimi."

Niseme ukweli wangu. Hata mimi niliyekuwa nikimweleza sikuyaamini. Kichwa kiliamini, kichwa kilifaulu mtihani wa habari hizo. Lakini kila mtoto aliyeletwa zahanati na kikohozi, kabla sijamwekea kipimo, nilipiga magoti tena nyuma ya ile nyumba. Ningeweza kumwambia Shosho, "Si zile siku tatu, ni mimi, niliacha tundu." Angekufa akiwa ametua mzigo wake. Sikuweza kuuchukua hadharani. Nilimwacha aende nao, na hilo ndilo kosa ninalojilaumu nalo leo, kwa sababu hilo nililitenda nikiwa na akili zangu timamu.

Mwezi uliopita kanisa liliniita. Nyumba itabomolewa. Kahawa yote ilishakwenda, pande zote ni ghorofa za kukodisha, na parokia inataka ukumbi na maduka. Kabla ya kubomoa, mzee mmoja wa kanisa alipendekeza nyumba ichorwe na historia yake iandikwe, na wakamtafuta msanifu majengo, binti mchangamfu aitwaye Nyokabi, ambaye angeweza kuwa mwanangu. Mimi ndiye niliyebaki niliyewahi kukaa humo. Kwa hiyo nilitembea naye chumba hadi chumba, nikimwonyesha ya askofu na ya mzungu na ya jiko, naye akiandika na kucheka. Kabati la majoho lilikuwa limeshaondolewa. Tulipofika nyuma ya sebule alipiga ukuta kwa kalamu.

"Auntie, hii nimeipenda sana. Uliona? Hapa chokaa inaisha, inaanza simiti. Hii ilikuwa mlango ya wafanyakazi, si ndio? Nimeshaiweka kwa mchoro."

Alinionyesha. Alikuwa ameuchora mlango vizuri, na kizingiti na bawaba zake, na pembeni ameandika kwa mwandiko safi: mlango wa watumishi, ulizibwa baadaye. Sijui ni nini kilichonivunja, labda zile bawaba. Nilikaa chini sakafuni nikamwambia yote, mambo ambayo sikumwambia mume wangu wala watoto wangu. Nyokabi aliketi kando yangu na buti zake. Hakusema pole. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo tundu iko wapi, Auntie?"

Tulitoka nje. Tope langu lilikuwa bado pale, gumu kama simiti yenyewe. Alimwita kijana wake wa kazi, akamwambia atoe yale mawe mawili taratibu, taratibu kabisa. La kwanza likatoka. Kifungo cha kijani kikaanguka majanini. Nyokabi akaingiza kidole kwenye mfereji ulioachwa na mwiko wa Fundi, kisha akanitazama.

"Auntie, hii haijapita."

"Haijapita vipi?"

"Weka mkono mwenyewe."

Niliweka. Kidole changu kiliingia hadi kiungo cha pili, kikagonga jiwe. Kijana alipolitoa na hilo, nyuma kulikuwa na kokoto na simiti iliyoshindiliwa, na nyuma yake safu nzima ya ndani. Fundi Njoroge alikuwa ameshaziba ndani kabisa, kama alivyoagizwa, kabla sijafungua mdomo. Aliponichokorea lile tundu alikuwa ananipa kitu cha kushika tu. Alishafariki, Mungu amlaze pema, na nadhani hakuliwaza tena jambo lile zaidi ya siku hiyo.

Kwa hiyo hakuna kilichopita. Siku ile, na mkono wangu ukiwa ukutani, nilimwambia Kimani kwa sauti kwamba si mimi. Nilimwambia Shosho vilevile kwamba si yeye, kwamba tuliziba vizuri, kama alivyosema. Kilio kilichonitoka kilimfanya kijana wa kazi aende kusimama mbali. Nilidhani ni furaha, na kwa muda kweli ilikuwa furaha, mzigo wa maisha yangu yote ukianguka.

Halafu likanijia la pili, na hilo ndilo ninaloishi nalo sasa. Kama hakuna kilichoweza kuingia, basi hata yeye hakuweza. Jioni zote zile nilizopiga magoti nikimwambia Mama ni hapa, nilikuwa naliambia jiwe. Mimi ni mwanamke wa makamo, napima watu damu, najua wafu hawapiti ukutani. Lakini yule mtoto aliyeambiwa avue soksi hajui. Yeye amengoja miaka yote hii akiamini kwamba, lolote baya alilolifanya, angalau alimwachia mama yake njia. Nilimtua mzigo wake, na pamoja nao nikamnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho. Sijui kama ni halali kumwonea huruma mtu ambaye ni wewe mwenyewe. Ninamwonea.

Niliokota kifungo. Nilimwomba Nyokabi funguo, nikazunguka hadi veranda, nikaufungua mlango wa mbele, ule wa maharusi, ambao Shosho hakukubali Mama aupite. Ulikwama, nikausukuma kwa bega. Nikaweka jiwe chini yake ili usijifunge, nikasimama kwenye kizingiti, mahali nilipokatazwa.

"Mama," nikasema, "ni hapa."

Nyokabi alikuja nyuma yangu na mchoro wake kwapani. Jua lilikuwa linashuka, na mlinzi alikuwa anangoja kufunga lango.

"Nifunge, Auntie?" akauliza.

"Uache wazi," nikamwambia. "Mpaka waibomoe."